Zabibu Haziivi Dirishani

Kwa miaka kumi na minne watu walimwambia Verna Barabash kwamba zabibu hazioti kwenye nyanda za baridi za Saskatchewan, na walimwambia hivyo wakiwa wamesimama katikati ya zabibu zake. Mtu aliegemea nguzo, kishada kikimgusa kiwiko, akatikisa kichwa kwa huruma: "Ni baridi mno huku, Verna." Alikuwa ameshaacha kuwajibu. Mtu anayebishana na macho yake mwenyewe utamjibu nini?

Mvinyo wake mwingine hakuna aliyeubishia. Ule wa cheri chachu uliisha kila mwaka kabla ya Krismasi. Ule wa beri za saskatoon, vitunda vya zambarau vya porini, watu wa mjini waliufuata kwa katoni. Na ule wa asali, ambao kwa haki ulikuwa wa mumewe Nestor kwa kuwa nyuki walikuwa wake, ulinywewa kwenye arusi zote za upande ule, na waliouzoea walijua kutafuta kiti kabla ya glasi ya tatu. Lakini Verna alikuwa amepika chakula cha shule miaka thelathini, chakula laini kisichomkera mtu, na alipostaafu alitaka kufanya jambo moja gumu. Alitaka mvinyo mwekundu wa zabibu, mkavu, usiotiwa asali wala sukari ya dukani, uliotoka katika mistari yake kumi na miwili nyuma ya nyumba. Hakuwahi kuupata. Mwaka mmoja jalidi, ule umande unaoganda usiku, ilimwahi, mwaka mwingine ndege, mwaka mwingine mvua ya mawe iliyopiga dakika sita tu na kumaliza kazi ya miezi sita.

Tena mizabibu yenyewe ina madeko. Kila Oktoba, kabla ardhi haijaganda, lazima ifunguliwe kwenye waya, ilazwe chini mmoja mmoja, ifukiwe kwa udongo na mabua ya ngano, maana Januari ya huku hushuka digrii arobaini chini ya sifuri na mzabibu uliosimama hauioni Februari. Mei inafukuliwa yote, inafungwa upya. Ni kazi ya kuinama kutwa, na walioifanya ni wazee wawili. Nestor alikuwa na miaka sabini na mmoja, na nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha. Machi ya mwaka ule, wakila supu ya bitiruti jikoni, aliweka kijiko chini.

"Mwaka huu ndio wa mwisho, bibie."

"Wa mwisho wa nini?"

"Wa kuzika miti. Ukipata mvinyo wa kunyweka, sawa, nitajua pa kupata mgongo mwingine. Usipopata, Oktoba hatuilazi. Tunaiacha ichukuliwe na baridi, Aprili tunang'oa, tunapanda cheri. Mcheri haukuombi uutie kitandani na kuufunika blanketi."

Verna alikubali. Alikubali kwa sababu Nestor alikuwa na haki, jambo lililomuudhi kuliko kama angekuwa hana.

Basi, kama kumcheka, majira yale ya joto yakawa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Mvua ilinyesha ilipotakiwa, ikaacha ilipotakiwa. Mwisho wa Agosti vishada vilikuwa vizito, vyeusi, vikionekana vimeiva kwa mtu yeyote asiyejua. Verna alijua. Kila asubuhi alikamua zabibu moja juu ya kioo cha kipima sukari chake kidogo cha mkononi, akachungulia kwa jicho moja. Kumi na saba. Alihitaji sukari ishirini na mbili kwa mia. Wiki tatu za jua, basi, na mvinyo wake ungekuwa mvinyo.

Ndipo hospitali ya Saskatoon ikapiga simu. Nestor, aliyesubiri zamu ya nyonga mpya miezi kumi na mmoja, alipewa Jumanne ya kwanza ya Septemba. Kutoka nyumbani hadi Saskatoon ni saa tatu za barabara. Verna alipanga kila kitu. Alikunjua vitambaa vyeupe vya kuzuia jalidi, akaviweka tayari mwisho wa kila mstari. Utabiri ukitaja baridi, angemwacha Nestor na manesi, angerudi, angefunika, angeondoka tena. Hakumwambia mtu. Ilikuwa mavuno ya ngano, kila jirani yuko juu ya kombaini ya kuvunia tangu umande unapokauka, na huku mtu akikatwa mguu shambani husubiri jirani amalize mstari ndipo ampigie simu.

Jumanne Nestor alibadilishiwa nyonga salama. Jumatano mchana utabiri ukasema digrii mbili chini ya sifuri alfajiri ya kesho yake. Verna alimbusu mumewe kwenye paji la uso, akatia gari moto.

Saa kumi na moja jioni alikata kona ya kwake, akaona pikapu kumi na moja uani. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba mtu amekufa, maana siku ya mavuno pikapu kumi na moja hazikutani ila kwenye msiba. Alishuka, na hapo ndipo alipoitupia macho mizabibu.

Ilikuwa mitupu. Majani yapo, waya upo, nguzo zipo. Kishada hata kimoja hakikuwepo.

"Huyo kaja! Kaja mwenyewe!" Doreen Kozak, jirani wa mashariki, alikuwa anamkimbilia na aproni yake, mikono imepanuliwa. Doreen alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mwenye moyo mkubwa kuliko masikio yake. "Usiseme kitu, mpenzi! Usilie!"

Verna hakuwa analia. Alikuwa anaitazama mizabibu.

"Zabibu ziko wapi, Doreen?"

"Salama! Zote! Hatukuacha hata punje. Nimesikia redioni, baridi inakuja, nikasema masikini Verna, yuko hospitali na mumewe, na zabibu zake ziko nje kama yatima. Nikashika simu. Watu ishirini na watatu, Verna! Lorne kazima kombaini. Lorne!"

Lorne, wa shamba la kaskazini, alisimama pembeni na kikombe cha kahawa akitazama viatu vyake. Huyu ni mtu ambaye hakuizima kombaini siku mkewe alipojifungua. Ngano yake ilikuwa imesimama kavu, inamngoja, na yeye alikuwa ameiacha mchana ule akichuma zabibu za mtu mwingine, vidole vyake vinene vikiwa vimegeuka zambarau. Hicho ndicho kilichomfunga Verna mdomo. Shukrani ya punda ni mateke, na yeye hakutaka kuwa punda mbele ya Lorne.

"Njoo ndani uone," Doreen akamvuta mkono.

Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Walitandaza magazeti sakafuni kutoka gereji hadi sebuleni, na juu ya magazeti walipanga zabibu, kishada kando ya kishada, kwa nidhamu ya kutisha. Zilikuwa juu ya meza. Zilikuwa juu ya kochi. Zilikuwa kwenye kila kizingiti cha dirisha, na chumbani, juu ya kitanda cha Verna na Nestor, nyingine zikiwa zimefungwa karatasi moja moja kama mayai.

"Zitaiva polepole," Doreen alisema, akishusha sauti kama aliye kwenye chumba cha mtoto aliyelala. "Kama nyanya. Nimeweka tofaa moja kila chumba, linasaidia kuivisha."

Hapo Verna akaelewa. Kila mwanamke wa huku, jalidi ya kwanza ikitangazwa, hutoka na beseni akachuma nyanya zake zote zikiwa za kijani, akazipanga dirishani juu ya gazeti, akaziwekea tofaa, na kufikia Oktoba familia inakula nyanya nyekundu. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao. Nyanya huiva dirishani. Zabibu haiivi. Ukishaikata umeikata, na sukari iliyo nayo saa ile ndiyo itakayokufa nayo.

Alichukua moja kutoka kitandani kwake, akaikamua juu ya kipima sukari, akachungulia. Kumi na saba na nusu.

"Inasemaje?" Doreen akauliza, macho yanang'aa.

"Inasema..." Verna alitazama dirishani. Uani walikuwa wanacheka, mtu alikuwa anakata pai ya mashina machachu ya rubabu juu ya boneti ya pikapu. "Inasema asanteni sana."

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawa walitenda wema, kisha wakakaa kula. Verna alijikaza kisabuni mpaka wa mwisho alipoondoka, akashika mikono ishirini na mitatu, akasema asante ishirini na tatu. Alilala kwenye kiti cha gari, kwa kuwa kitanda kilikuwa na wenyewe.

Alfajiri alitoka kuangalia kipimajoto cha ukutani. Mawingu yalikuwa yameingia usiku, mazito, ya joto. Digrii nne juu ya sifuri. Jalidi haikuja.

Haikuja siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Septemba ilimwaga jua siku kumi na tisa mfululizo, jua la kustarehesha, la kukausha nguo saa moja. Watu walisimama dukani wakisema, "Siku nzuri jamani, eh?" na Verna aliitikia, "Nzuri," akiwa na hamu ya kumpiga mtu na mkate. Kila siku ya jua lile ilikuwa imeandikiwa zabibu zake. Sasa ilikuwa inaangaza majani matupu.

Zilizokuwa ndani zilianza kunyauka na kualika nzi. Akazikusanya zote, akazikamua. Nestor alikuwa amerudi, anatembelea fremu ya chuma, amekatazwa kuinama. Alikuja mpaka mlango wa banda, akachovya kidole, akaonja, uso ukamkunjamana kama soksi. Kesho yake Verna alikuta ndoo nne za asali zimesukumwa kwa fremu, moja moja, hadi mlangoni. Aliimimina asali ndani ya juisi ile, moja baada ya nyingine, na kila ndoo ilimuuma, kwa sababu hicho hasa ndicho alichoapa kutokifanya.

Katikati ya Septemba mzee Metro Kuzyk alikuja kufuata mabeseni yake mawili. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, na katika wale ishirini na watatu yeye ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote. Alikunywa kahawa jikoni saa nzima. Wakazungumza bata bukini waliokwisha kuanza kuhama, wakazungumza bega la Lorne linalomsumbua, wakazungumza bata bukini tena. Kisha mzee akaaga, Verna akamsindikiza mpaka barabarani alikoegesha pikapu yake, mzee akaingia, akawasha injini, akashusha kioo. Huku jambo la maana husemwa hivyo, kupitia dirishani, injini ikiunguruma, ili msemaji awe na pa kukimbilia.

"Zilikuwa chachu," mzee alisema, akitazama mbele.

"Nini?"

"Zabibu. Nilionja moja nilipofika tu. Meno ya bandia yalitaka kutoka yenyewe."

Verna alishika mlango wa pikapu. "Ulipofika tu? Kabla hawajachuma?"

"Walikuwa hawajamaliza hata mstari wa kwanza."

"Mzee Metro! Na ukanyamaza?"

"Watu walikuwa wanafurahi. Doreen alishaleta pai. Na Lorne alishazima kombaini yake. Ningemwambia nini Lorne?"

"Ungemwambia akaiwashe!"

"Mbona wewe hukumwambia?" Mzee sasa alimgeukia. "Ulifika. Mdomo unao. Ukasema asante, ukala vipande viwili vya pai."

"Kimoja!"

"Viwili. Nilihesabu." Akatia gia, akaondoka na vumbi lake.

Verna alibaki pale barabarani na hasira zake. Alimkasirikia mzee, akamkasirikia Doreen na tofaa zake, akaukasirikia utabiri. Kisha, kwa kuwa njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu kidogo, hasira ikamfikia yeye mwenyewe. Miaka kumi na minne alikuwa amechungulia kile kipima sukari kila asubuhi peke yake. Hakumwonyesha mtu. Alipoambiwa zabibu hazioti huku, alinyamaza, akajiona bora kwa kunyamaza. Sasa watu wangejuaje?

Oktoba ikaingia. Asubuhi madimbwi yalikuwa na ngozi ya barafu. Mizabibu ilikuwa bado imefungwa kwenye waya, majani yamepukutika, na kila siku ilikuwa inakaribia siku ambayo koleo lingegonga ardhi na kurudi. Nestor hakuitaja. Verna hakuitaja. Makubaliano yalikuwa makubaliano: hakukuwa na mvinyo, basi hakuna kuzika. Alipita kando yake akienda kulisha kuku, akitazama upande wa pili.

Jumapili ya pili ya mwezi ilikuwa karamu ya kanisa, kule ukumbini chini ya kanisa, watu mia mbili mabega kwa mabega, bata mzinga, kabichi zilizoviringishiwa wali, piroge, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, vinavyoogelea kwenye siagi na vitunguu. Verna alikuwa na sahani mbele yake na hamu ya kwenda nyumbani. Doreen akashika kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wapishi, akawashukuru wamenya viazi kwa majina.

"Na sasa," akasema, "tunaye Verna hapa! Ishirini na watatu kati yetu vidole havijatakata mpaka leo! Hebu Verna atuambie, mvinyo wetu unaendeleaje?"

Makofi. Lorne alipiga mbinja. Verna alisimama, na alikuwa na nia kamili ya kusema unaendelea vizuri.

"Zilikuwa hazijaiva," alisema.

Makofi yalikatika vibaya, moja moja.

"Zabibu ikishakatwa haiivi. Nyanya, ndiyo. Zabibu, hapana. Zilitaka wiki tatu zaidi. Nilikuwa njiani nakuja kuzifunika, vitambaa vilikuwa pale pale mwisho wa kila mstari. Kuna mtu alivitumia kufutia mikono!" Sauti ilikuwa inampanda na hakuweza kuishusha. "Nimetia asali ndoo nne. Labda mtaunywa mkiwa na kiu. Lakini si mvinyo niliokuwa nautaka, na kwa kuwa sikuupata, mizabibu haizikwi mwezi huu, itakufa na baridi. Na kosa ni langu, sikumwambia mtu." Akavuta pumzi, akaona amejidhulumu. "Hapana, si langu peke yangu! Mngeweza kuuliza! Namba yangu ya simu mnayo nyote!"

Doreen alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Mbona hukuniambia siku ile ile?" akauliza kwa sauti ndogo. Alikuwa amesahau kwamba bado ameshika kipaza sauti.

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa umenikumbatia!"

Mtu mmoja akaangua kicheko huko nyuma. Alikuwa mzee Metro. Kabla wengine hawajaamua kama wacheke au wasicheke, kiti kando ya Verna kilikwaruza sakafu, na Nestor akaanza kusimama. Ilimchukua muda. Alishika fremu yake, akajiinua, watu wote mia mbili wakimngoja. Katika miaka yake sabini na mmoja mtu huyu hajawahi kuazima hata jeki.

"Haijalazwa," alisema.

"Sema kwa nguvu!" mtu akapaza.

"Mizabibu! Haijalazwa. Inatakiwa ilale chini, ifukiwe, kabla ardhi haijaganda. Mimi daktari kanikataza kuinama. Yeye peke yake hawezi, mistari kumi na miwili." Akasita. Neno lililofuata lilimtoka kama jino. "Naomba watu. Jumamosi."

Verna alimtazama. Tangu Machi mtu huyu amesema ing'olewe. Tangu Septemba wamelala kitanda kimoja, wamekula meza moja, asubuhi ile ile wamegombania taulo, na hakumdokezea. Alikuwa ameona heri awaambie kwanza watu mia mbili wenye kabichi mdomoni. Alitaka kumbusu, na alitaka kumpiga na fremu yake, na hakujua aanze na lipi.

Lorne alikuwa ameinua mkono. Karibu naye ukainuka mwingine, na mwingine. Doreen alikuwa amejifuta macho na karatasi ya kufutia mikono, na sasa alikuwa anaandika majina juu ya karatasi hiyo hiyo.

"Saa ngapi, Verna?" Doreen akauliza, kalamu juu.

"Saa tatu," Verna alisema. "Saa tatu asubuhi. Na Doreen, nisikilize, nisikilizeni nyote! Mtu asiguse hata tawi moja mpaka mimi mwenyewe niwe nimesimama pale."